Begi la Uzi wa Kijani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ila sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu akishaacha kazi ndipo anahitaji saa. Miaka yote niliyotakiwa kufika mapema nilikuwa naitazama ile ya karakana, iliyokuwa nyuma dakika kumi, na hakuna aliyeirekebisha kwa sababu ilitusaidia sote asubuhi.

Mutheu wa stoo, ambaye ukimwambia hapana husikia ndiyo, aliniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki jinsi nilivyofanya kazi hapa Kyalo. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitagusa. Vyeo vilinichelewesha kufika nyumbani tu, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, juu ya Mama Kyalo, na juu ya begi lile la mlangoni.

Kila mmoja wenu, siku yake ya kwanza, alisimamishwa chini ya begi la buluu lililokatika mkanda, nyuzi za kijani zikining'inia, na Mama Kyalo akamwambia, "Hii ni kosa yangu mimi. Iangalie vizuri." Mkaangalia. Halafu mkaambiana kwamba ikiwa mwenye kampuni aliwahi kushona vibaya namna ile, basi hata nyinyi mna tumaini. Mimi nilikuwa pale pale, mashine ya tatu kutoka mlangoni, nimeinamisha kichwa kana kwamba sindano imenikatalia. Kuna jambo juu ya begi hilo ambalo sijawahi kulisema, na sitamaliza karatasi hizi bila kulisema.

Nilipofika mara ya kwanza, karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko la Machakos, na mashine mbili tu, nzito, za kushonea maturubai ya malori. Mama Kyalo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, futi ya kupimia kitambaa shingoni, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Hakuniuliza habari ya nyumbani.

"Unajua kushona?"

"Najua. Nimeshona sare za shule miaka mitatu."

"Basi hujui," akasema, akanipa kipande cha turubai na sindano ndefu kama msumari. "Shona hapo mpaka pale. Kwa mkono."

Nilishona mpaka vidole vikatoa damu. Alichukua kile kipande, akakivuta huku na huku, akakirudisha. "Fumua." Siku hiyo nilifumua mara tatu. Jioni nikafika nyumbani nikamwambia mama yangu sirudi tena kwa yule mwanamke. Asubuhi nikarudi, kwa sababu mara ya nne hakusema fumua, alisema "mm," na nilitaka kujua ile "mm" ilikuwa na maana gani.

Jina la kampuni wengi wenu mnadhani lilitafutwa na watu wa matangazo. Kwa Kikamba kyalo ni safari, na mtoto akizaliwa njiani ndilo jina lake. Mama Kyalo alikuwa anaenda kwao Ekalakala, mimba kubwa, amepewa nafasi nyuma ya lori la mahindi. Mvua ikawakuta njiani, na uchungu pia. Alijifungua juu ya magunia, chini ya turubai, na mwanamke mmoja muuza vitunguu ndiye aliyemshika mtoto.

"Nilikuwa nimelala pale," aliniambia, "naangalia mshono ya ile turubai. Inavuja. Matone inaanguka kwa uso ya mtoto. Nikasema, huyu mwenye alishona hii, siku moja nitamshinda."

Hiyo ndiyo historia ya kampuni. Mengine yote yalitoka kwenye yale matone.

Mabegi yalianza na mwalimu mmoja aliyekuwa akipandisha wanafunzi milimani. Alileta begi lake la ng'ambo limechanika, akataka lishonwe mahali pamoja tu. Aliporudi kulichukua alilikuta mezani limefumuliwa lote, limepangwa vipande vipande kama mbuzi wa sherehe. Mwalimu akaokota mkanda mmoja. Nilidhani atalia.

"Nilitaka kuona imekaa aje ndani," Mama Kyalo akamwambia. "Kuja Ijumaa."

Ijumaa begi lilikuwa zima, na mikanda ya mabegani ilikuwa imesogezwa vidole viwili. Mwalimu akalivaa, akatembea mpaka barabarani na kurudi, akauliza ni kitu gani kimefanyika, mbona limekuwa jepesi. Mwezi uliofuata akaagiza sita. Mama Kyalo akanitazama na kusema, "Sasa tumepata kazi." Nami nilikuwa nadhani tulikuwa nayo tayari.

Mambo matatu aliyaweka wakati huo, na yapo mpaka leo. La kwanza ni uzi. Kila fundi ana rangi yake, na begi zima analishona mwenyewe. Begi likirudi miaka mitano baadaye, linafunguliwa kwa ndani na mwenye rangi anaitwa. Nilichagua kijani, na nilijivunia kijani changu kama mtu anavyojivunia ng'ombe wake.

La pili ni mukwa. Nyinyi wa mjini Mavoko, mnaosalimia wazee "niaje", labda hamjamwona nyanya yenu akibeba maji: mkanda wa ngozi unapita kwenye paji la uso, mzigo unalala mgongoni. Mama Kyalo alitaka kila begi kubwa liwe na vitanzi viwili vya kufungia mukwa, na mukwa wenyewe umekunjwa kwenye mfuko mdogo wa juu. Mwenye duka mmoja wa Nairobi alikuja, akaushika kwa vidole viwili, akauliza kama ni wa kufungia ndama. Akasema atachukua mabegi mengi tukiutoa. Mama Kyalo akampa chai, akampa na mandazi, akamsindikiza mpaka kwenye gari lake, na hakuutoa. Sisi mafundi tulimcheka nyuma ya mgongo wake. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

La tatu ni maji. Hili mnalilalamikia kila wiki, nimewasikia. Kabla mzigo wowote haujatoka, fundi huchukua begi moja kati ya aliyoyashona, anatia mtungi wa lita ishirini ndani, anapanda nao kilima cha nyuma mpaka juu, na yale maji anamwagilia miti tuliyoipanda huko. Mtungi haujazwi mpaka mdomoni. Unaacha nafasi ya kiganja kimoja. Wageni huuliza mbona usijazwe. Ngojeni.

Basi ukaja mwaka wa kiangazi. Nilikuwa nimefanywa msimamizi muda si mrefu, na wenzangu wawili walionitangulia kazini walikuwa hawajanisamehe. Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akaitafuta sana, mpaka akasahau njia ya kurudi. Machakos nzima ilikuwa inapanga foleni ya maji. Watu walikuwa wanaoga kwa kikombe. Na hapo tukapata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: mabegi arobaini ya wapagazi wa Mlima Kenya.

Mama Kyalo alikuwa Konza wiki hiyo, akipima hema za mwenye ranchi mmoja. Siku ya mtihani wa maji ikafika. Nikautazama ule mtungi, nikawatazama wale wanawake wanaopita barabarani na mitungi mitupu, nikaona ni dhambi kupeleka maji ya kunywa kwa miti. Yeyote aliyelelewa Ukambani angefikiria hivyo hivyo. Nikasema tutatia mchanga. Mchanga wa mto ni bure na umejaa, na tena ni mzito kuliko maji, kwa hiyo mtihani utakuwa mkali zaidi. Nilijiona nina akili kweli. Mafundi wakafurahi. Tukapanda na mchanga, mikanda ikashika, tukaumwaga, tukashuka tukicheka, na kesho yake mabegi yakaondoka. Kumi na mawili kati ya yale arobaini yalikuwa ya uzi wangu.

Nilibaki na moja la ziada la kijani, lile nililopanda nalo. Siku mbili baadaye lori la maji likaja mtaani kwetu. Nikatia mtungi kwenye begi hilo, nikaliweka mgongoni, nikaanza kwenda nyumbani. Maji yakawa yanacheza, nikipiga hatua yanakwenda, nikisimama yanarudi, na kila yanaporudi yanauvuta mkanda. Sikufika hata kwenye kanisa la njiani. Nilisikia tk, tk, tk, halafu mkanda ukaachia, mtungi ukaanguka na kupasuka. Kusema ukweli niliyalilia maji kwanza. Begi lilinijia akilini baadaye.

Niliketi pale chini nikaufungua mshono. Ulikuwa mrefu, hatua za sindano zimeachana. Wiki ile nilikuwa nimeshona turubai la lori, ambalo hutaka mshono mrefu, na nilipogeukia mabegi sikuurudisha. Mchanga hautikisiki. Ukishakaa umekaa, na mshono mbaya unaubeba kwa amani. Maji ndiyo yanayokwenda na kurudi mpaka yapate mahali palipo dhaifu, na ndiyo maana mtungi haujazwi. Nilikuwa nimeambiwa hivyo siku ya kwanza, nikaitikia, nikasahau.

Nilikaa na jambo hilo usiku mmoja. Sitawadanganya, niliwaza kunyamaza. Labda mikanda itashika. Labda wapagazi watabeba nguo tu. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona mtu kwenye mawe, mkanda unaachia, mzigo unamvuta upande usio na kitu. Asubuhi nilimngoja Mama Kyalo mlangoni, aliporudi kutoka Konza, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye gunia la vitambaa, akauliza, "Ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Chukua sindano za mkono na uzi. Nyeupe, ile nene. Twende."

Tulienda na pikapu yake, na njiani aliniuliza tu kama nimekula. Tulipofika kwa wapagazi kesho yake mchana, mabegi yalikuwa bado uani kwao, yamepangwa ukutani. Tukayafungua moja moja tukitafuta kijani. Tukapata kumi na moja.

"Hiyo ingine amepanda nayo Maina," mkubwa wao akasema. "Jana. Atashuka siku ya tatu au ya nne."

Tulishona yale kumi na moja jua likituwakia, tumeketi chini, wapagazi wametuzunguka wakishangaa akina mama wawili waliotoka Machakos kuja kufumua kazi yao wenyewe. Tulipomaliza nilidhani tutarudi nyumbani. Mama Kyalo alienda akakaa kwenye jiwe karibu na lango la mlima.

"Mwaitu, tumngojee hapa?" nikamuuliza. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo tulivyomwita tukiwa na hofu.

"Wewe ukiwa unataka, nenda. Mimi siwezi lala kwangu nikiwa sijaona huyo kijana."

Tulikaa pale siku tatu. Lango lilipofunguliwa asubuhi tulikuwepo, lilipofungwa jioni tukaenda kulala kwa shemeji ya yule mkubwa wa wapagazi. Siku ya pili, bila kuulizwa, Mama Kyalo akaniambia, "Mama yangu alikuwa na bonde hapa." Akapitisha kidole kwenye paji la uso wake. "Ya mukwa. Tangu akiwa msichana mdogo. Tulipomzika nilimpapasa hapo. Mimi nashona begi ndio mzigo ikae kwa mabega, wanawake wasikuwe na hiyo alama. Lakini siwezi toa mukwa. Nikitoa ni kama nasema alichokuwa anafanya ni upuzi."

Nilikumbuka nilivyocheka, nikainama nikaanza kuchora mchangani kama mtoto.

Siku ya tatu, saa nane hivi, tukamwona mtu anashuka mbele ya wenzake. Mzigo ulikuwa mgongoni, lakini kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele, na shingo imekaza. Alipokaribia tukaona mkanda wa bega unaning'inia. Alikuwa amefunga mukwa kwenye paji la uso, kwenye vile vitanzi tulivyovicheka.

Maina alitua mzigo, akanyoosha shingo. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. "Hii kitu ilikatika siku ya pili," akasema, "pale juu kwa mawe. Ikanivuta, nikakaa chini kabla sijapanga. Nikashika jiwe. Nikafungua mfuko nikitafuta kamba, nikapata hii. Nikakumbuka shosho yangu na kuni zake." Shosho kwao ni nyanya. Akacheka. "Hawa wenzangu wameniita shosho mlima mzima."

Halafu akaacha kucheka, akageuza begi ndani nje. "Lakini ni nani alishona hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi," Mama Kyalo akasema. "Hiyo kijani ni yangu. Unisamehe, mwanangu." Naye akainama, mwanamke wa umri ule, akaushika ule mkono uliochubuka kwa mikono yake miwili.

Akampa begi jipya kutoka kwenye pikapu, tukarudi na la zamani. Karakana nzima ikakusanyika kusikia. Wale wawili wasionipenda walikuwa mbele kabisa. Mama Kyalo akalitundika begi mlangoni, akasema mchanga aliuruhusu yeye, na mshono ni wake, na kuanzia siku ile maji yatapanda hata kama ni kiangazi cha namna gani. Wote walijua kijani ni cha nani. Lakini nani angembishia? Kisha akaja kwenye mashine yangu, akachomoa kigurudumu cha uzi wa kijani, akakitia mfukoni, na kuweka chekundu.

"Kijani ni yangu sasa," akasema. "Wewe shika nyekundu."

Nilimfuata stoo nikamuuliza kwa nini.

"Ulikuja ukaniambia," akasema. "Ukitukanwa hapo mbele ya watu, mwingine akikosea hatasema. Na begi yenye haisemwi, nani ataenda kuingojea kwa lango?"

Nilishukuru Mungu. Niandike jinsi ilivyokuwa: nilihisi nafuu kwanza, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aibu ilikuja polepole, ikakaa. Wale wawili wakaondoka kwa wakati wao, wengine wakastaafu, mkaja nyinyi, na hakukuwa tena na mtu aliyejua kijani kilikuwa cha nani. Kila alipomsimamisha mgeni chini ya begi lile na kusema "hii ni kosa yangu," nilijiambia nitasema wiki ijayo. Kampuni ikakua. Tulishona hema za wapimaji wa ardhi waliojaa Konza, tukahamia jengo lile la mawe, mabegi yakaenda nchi ambazo siwezi kuzitamka, na mwenye duka yule wa Nairobi akarudi kuomba mabegi yenye mukwa, kwa sababu sasa wageni ndio wanaoutaka. Alipewa chai na mandazi kama mara ya kwanza. Wiki ijayo yangu haikufika.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki yenu, nilitia mtungi kwenye begi nikapanda kilima peke yangu. Miti ile sasa ina kivuli. Niliposhuka nilimkuta Mama Kyalo ameketi chini ya kilima, kwa kuwa magoti yake hayapandi tena, fimbo mapajani.

Nikamwambia, "Mwaitu, nataka kuwaambia vijana juu ya begi."

"Umechukua muda," akasema.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta akatoa kigurudumu cha uzi, akanipa. Kilikuwa cha kijani. Rangi imefifia upande uliokaa kuelekea mwanga, lakini uzi ulikuwa umejaa vile vile kama siku alipouchukua. Miaka yote ile hakuwa ameshonea hata kifungo.

"Nilikuwa nakuwekea," akasema.

Nililia pale, mtu mzima mwenye wajukuu, naye akaniacha nilie, halafu akaniambia niende keki inakatwa.

Mlipokuwa mnagombania vipande mimi nilitoka nje nikapanda kwenye kiti. Kwa hiyo Jumatatu mkifika, msilipite begi lile kama kawaida yenu. Angalieni chini ya mkanda uliokatika. Nimeshona jina langu hapo kwa mkono, kwa uzi wa kijani, mshono mfupi.